UCHAMBUZI: Lori jipya la Mchina au mtumba wa Ulaya? Hesabu imebadilika

Kwa zaidi ya miaka 20 msafirishaji anayeanza kazi katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo amekuwa akipewa ushauri mmoja: tafuta Scania au DAF ya mtumba kutoka Uingereza, itakulea wewe na watoto. Gari jipya waachie wenye makampuni makubwa.

Ushauri huo haukuwa wa kubahatisha. Wapo wengi walioanza na kichwa kimoja cha mtumba na leo wana yadi zao. Lakini mambo matatu yamebadilika: sheria za umri wa magari katika nchi jirani, aina ya mtumba unaotoka Ulaya, na malori mapya ya China yanayouzwa kwa mkopo. Anayenunua leo kwa hesabu ya mwaka 2005 anaweza kupoteza mtaji, na pengine nyumba aliyoiweka rehani benki.

Makala haya hayamwambii msomaji anunue gari gani. Yanaeleza jinsi ya kupiga hesabu, kwa sababu katika biashara hii wengi hupiga hesabu ya kununua na kusahau hesabu ya kuendesha.

Kwa nini mtumba ulishinda

Lori la Ulaya la miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa chuma. Fundi wa Makambako, Mpika au Serenje aliweza kulifungua pembeni mwa barabara kwa spana na nyundo. Likizingua, tatizo lilijulikana: nozeli, klachi, turbo, gasketi ya silinda hedi. Spea mpya na za mtumba zilipatikana Ilala na Kariakoo kwa mtu wa Dar, Kirinyaga Road kwa mtu wa Nairobi, Kisekka kwa mtu wa Kampala. Dereva mzoefu alitembea na spea za muhimu kwenye sanduku na wakati mwingine hakuhitaji fundi kabisa.

Jambo la pili lilikuwa bei. Ulaya lori hufanya kazi nzito miaka michache, kisha kampuni inalitoa na kuchukua jingine. Kwa mnunuzi wa huku, gari hilo bado lilikuwa na nusu ya maisha yake. Na kwa kuwa Waingereza wanaendesha kushoto kama sisi, usukani ulikuwa upande unaotakiwa.

Mtumba wa sasa si ule wa zamani

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kuanzia mwaka 2014, takriban kila lori jipya linaloandikishwa katika Umoja wa Ulaya linatakiwa kutimiza kiwango cha moshi kinachoitwa Euro VI. London nayo ilikaza masharti Machi 2021: lori zito lisilofikia kiwango hicho linatozwa pauni 100 au zaidi kwa siku likiingia eneo lake la udhibiti wa moshi. Matokeo yake, malori ya Euro V na ya chini yake yalisukumwa kwenda kuuzwa nje. Mengi tunayoyaona barabarani kwetu yametoka katika kundi hilo.

Lakini kundi hilo linazeeka na halizaliani. Lori la Euro V lililoandikishwa mwaka 2013 sasa limeshavuka miaka 10. Ukitaka mtumba wa Ulaya wenye umri mdogo, unachukua Euro VI.

Euro VI ni gari zuri na lenye nguvu, na kwa kawaida halinywi mafuta ovyo. Tatizo ni kwamba limetengenezwa kwa ajili ya dizeli safi sana. Ulaya dizeli ya magari ina salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushuka hadi sehemu 50 kuanzia Januari 2015, jambo lililokuwa hatua kubwa, lakini 50 bado si 10. Hapo tunazungumzia mafuta halali. Ukiweka mafuta ya kuchakachua ya kwenye madumu, hesabu nyingine inaanza.

Gari hili lina kichujio cha moshi ambacho huziba likitumia mafuta machafu au oili isiyo ya aina yake. Lina pia tangi la pili la maji ya urea, maarufu kwa jina la AdBlue, ambayo hunyunyiziwa kwenye moshi kabla haujatoka. Kwa wastani hutumika lita chache kwa kila lita 100 za dizeli. AdBlue ikiisha, au sensa ikisoma vibaya, kompyuta ya gari inapunguza nguvu za injini yenyewe. Lori lenye tani 28 mgongoni linaanza kutambaa katika mlima wa Kitonga kana kwamba limechoka, na spana haina la kufanya. Linahitaji mtu wa kulipima kwa kompyuta, na watu hao hawapo kila kituo kati ya Tunduma na Kasumbalesa.

Wapo mafundi wanaozima mfumo huo kwa programu. Gari linakwenda, ni kweli. Lakini aliyelipia kazi hiyo ajue kwamba kontroo boksi iliyochezewa vibaya ni gharama kubwa kuliko injini nyingi za zamani, na kwamba nchi zetu zinaelekea kwenye kupima moshi, hazirudi nyuma. Gari lililozimwa leo linaweza kukwama katika ukaguzi kesho, na mnunuzi wa baadaye atalitumia jambo hilo kukupunguzia bei.

Umri wa gari na mipaka

Jambo la pili lililobadilika ni sheria, na kila nchi ina lugha yake.

Kenya inajulikana kwa kanuni ya miaka 8: gari lililotumika lisiwe na umri zaidi ya huo, usukani uwe kulia, na likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Kila Januari mwaka mmoja unakatwa, kwa hiyo gari lililonunuliwa Novemba na kuchelewa njiani hadi Januari linaweza kugeuka haramu likiwa baharini. Wafanyabiashara wa Mombasa wanalijua vizuri somo hilo.

Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayozuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, na umri unahesabiwa tangu mwaka wa kutengenezwa. Kenya inaangalia mwaka wa kuandikishwa kwa mara ya kwanza. Gari moja linaweza kuwa na umri mbili tofauti katika nchi mbili.

Tanzania imeegemea zaidi kwenye kodi kuliko marufuku. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 limekuwa likiongezewa ushuru wa asilimia 15 kwa sababu ya uzee, na lililozidi miaka 10 asilimia 30, juu ya kodi nyingine zote. Malori yana hesabu yake tofauti na nyepesi zaidi.

Kusini nako kumefungwa kidogo kidogo. Mwaka 2021 Zimbabwe iliyaondoa magari madogo yenye zaidi ya miaka 10 katika orodha ya vitu vinavyoingia bila leseni. Afrika Kusini, kwa kulinda viwanda vyake, hairuhusu mtumba kuingia kwa matumizi ya kawaida. Yale yanayoshushwa Durban yanapita tu. Rwanda ilizuia magari ya usukani wa kulia mwaka 2005, ingawa baadaye ililegeza kwa malori, na Burundi na Kongo zote zinaendesha upande wa kulia wa barabara.

Baadhi ya sheria hizi zinasamehe malori na nyingine hazisamehe. Kwa hiyo usichukue taarifa ya jirani aliyeingiza Noah ukaitumia kwa kichwa cha lori. Muulize wakala wa forodha kuhusu kundi la gari lako, kwa maandishi, kabla ya kutuma fedha.

Uliza pia kodi itatozwa juu ya thamani ipi. Mamlaka za mapato za Tanzania, Kenya na Uganda zina thamani zao za magari yaliyotumika. Ukionyesha ankara ya bei ya chini kuliko thamani hiyo, afisa anatumia ya kwake. Mnunuzi aliyefurahia bei ya kutupa kwenye mtandao mara nyingi furaha yake inaishia bandarini.

Kwa msafirishaji, sheria za umri zina maana moja zaidi, nayo ni bei ya kuuzia. Zamani lori likichoka Dar es Salaam lilipata mnunuzi nchi jirani. Kadiri milango inavyofungwa, mnunuzi anabaki wa hapa hapa. Lori usiloweza kumuuzia jirani utamuuzia muuza spea, na bei yake ni ya vyuma.

Mchina naye

Jambo la tatu ni Howo, FAW, Shacman na wenzao. Malori mapya ya China yalipoanza kuingia kwa wingi yalichekwa. Leo yamejaa kwenye foleni ya Tunduma, na kicheko kimepungua.

Nguvu yake kubwa ni kwamba mengi yanayoletwa Afrika bado ni ya Euro II au Euro III. Maana yake hayana kichujio kinachoziba wala tangi la urea. Kwa namna fulani Mchina mpya ndiye aliyebeba urahisi wa Scania ya zamani. Spea zake ni za bei nafuu na zimejaa madukani. Anakuja na waranti, ingawa ni lazima uisome, kwa maana waranti nyingi zinakufa ukikosa huduma ya kilomita fulani kwenye gereji ya muuzaji mwenyewe. Na kubwa kuliko yote, muuzaji au benki anakukopesha, kwa sababu gari jipya lenyewe linakubalika kuwa dhamana. Mtumba wa miaka 9 benki nyingi haziugusi.

Udhaifu wake unajulikana pia. Thamani inashuka haraka mno katika miaka miwili ya mwanzo. Vitu vidogo vidogo, nyaya, swichi, viti, bush na springi, vinachoka mapema. Kwa mafuta, mara nyingi gari la Ulaya linamzidi. Tofauti ya lita 5 tu kwa kilomita 100, katika safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 4,000, ni lita 200. Safari 16 kwa mwaka ni lita 3,200. Zidisha kwa bei ya dizeli ya leo ujionee.

Kuna pia suala la mizani. Chini ya sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, uzito wa juu wa gari na mzigo wake ni tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake. Kila kilo ya gari lenyewe ni kilo iliyotolewa kwenye mzigo unaolipwa. Kabla ya kulipa, omba uzito wa kichwa kikiwa kitupu na uuweke pamoja na wa tela yako.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufundishia tu. Weka za kwako.

Msafirishaji A ananunua kichwa kipya cha dola 60,000. Anatanguliza 20,000, na zilizobaki 40,000 analipa dola 2,000 kwa mwezi kwa miezi 24, jumla 48,000 pamoja na riba. Kila safari ya Lubumbashi inamwachia dola 1,500 baada ya mafuta, dereva na ada za barabara. Anafanya safari 16 kwa mwaka, yaani anapata 24,000. Huduma ya gari inachukua 4,000 na bima kubwa, ambayo mkopeshaji anailazimisha, 3,000. Mkopo unachukua 24,000. Mwaka wa kwanza anapungukiwa dola 7,000, na mwaka wa pili vile vile.

Msafirishaji B ananunua mtumba kwa 35,000 taslimu. Gari linalala gereji zaidi, kwa hiyo anafanya safari 13, anapata 19,500. Matengenezo 8,000, bima ndogo 500. Mwaka wa kwanza anabakiwa na dola 11,000 mkononi.

Ukiishia hapo, B ameshinda kwa mbali. Lakini endelea hadi mwaka wa tano. A amemaliza mkopo mwaka wa pili. Tukiweka matengenezo yake yote ya miaka 5 kuwa 30,000 na bima 15,000, mapato ya 120,000 yanamwachia 7,000 baada ya kulipia gari. Akiuza kichwa kwa 20,000, ana 27,000. B mapato yake ni 97,500, matengenezo tuseme 45,000, bima 2,500, gari 35,000. Anabakiwa na 15,000. Akiuza kwa 10,000, ana 25,000.

Tofauti ni dola 2,000 kwa miaka mitano. Haitoshi hata kwa tairi za tela zote.

Hesabu hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba bei ya kununua haikuamua kitu. Idadi ya safari ndiyo iliyoamua. B akipoteza safari moja zaidi kila mwaka kwa sababu sensa imegoma Mpika, amepoteza 7,500 katika miaka mitano na A amemwacha. A akipoteza safari mbili kwa mwaka kwa kukosa mzigo, mambo yanageuka.

La pili ni la hatari zaidi. A alijiona ameanza na dola 20,000. Ukweli ni kwamba ameanza na 34,000, kwa sababu pengo la 7,000 kwa miaka miwili lazima lizibwe kutoka mfukoni. Kwa maneno mengine, kipya cha mkopo na mtumba wa taslimu vimehitaji mtaji karibu sawa. Anayeingia kwenye mkopo akiwa na 20,000 peke yake hajanunua lori. Amekodi matatizo.

Foleni hailipi marejesho

Barabara hii ina tabia yake. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa Oktoba 2019 kilisaidia, lakini foleni hazikuisha, na Kasumbalesa inaweza kukushika siku nyingi bila kosa lako. Mgomo wa madereva, mtandao wa forodha kuzima, nchi kusitisha bidhaa fulani ghafla: yote tumeyaona. Siku hizo lori la B limesimama na B anasikitika. Lori la A limesimama, na tarehe ya benki inatembea.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa mtu anayefikiria lori jipya la mkopo lisiwe kuhusu gari. Liwe kuhusu mzigo. Je, una mkataba na mwenye mzigo, au unategemea madalali wa bandarini wakupigie simu? Mkataba wa mwaka mzima unaweza kubeba mkopo. Simu ya dalali haiwezi. Na kama dhamana ya ziada ni nyumba wanamolala watoto, familia ikae chini na kuisoma hesabu hii pamoja kabla ya kusaini.

Nani achukue nini

Mwenye mkataba wa kudumu, njia ndefu na akiba ya kuziba miezi mibaya mitatu, kipya kinamfaa. Anachouza ni uhakika wa kufika kwa wakati, na gari jipya linampa uhakika huo.

Mwenye mtaji wa taslimu lakini mzigo wa kubahatisha, mtumba bado ni rafiki yake, kwa sharti ajue anachukua kizazi gani. Akipata Euro V iliyotunzwa, na sheria ya nchi yake inairuhusu, ni chaguo la busara kwa miaka michache iliyobaki, ila nayo kwa kawaida hutumia AdBlue. Akichukua Euro VI, ahakikishe ana fundi wa kompyuta anayeaminika, anajaza mafuta kwenye vituo vinavyoeleweka, na ananunua AdBlue ya kweli. Maji ya bomba yaliyotiwa mbolea yanaharibu mfumo wote.

Mwenye njia fupi, kwa mfano Dar hadi Mbeya au mizigo ya ndani ya mkoa, hana sababu ya kujibebesha marejesho makubwa. Kuharibikiwa kilomita 100 kutoka kwa fundi wako si sawa na kuharibikiwa Kongo.

Na kwa wote, kabla ya kulipia mtumba: thibitisha mwaka wa kutengenezwa kwa kutumia namba ya chasisi, si tangazo. Linganisha kilomita za kwenye dashibodi na historia ya ukaguzi wa Uingereza, ambayo huandika kilomita kila mwaka. Lipimwe kwa kompyuta injini ikiwa ya moto, sio baridi tu. Uliza waziwazi kama mfumo wa AdBlue umezimwa. Na gharama za bandari zihesabiwe kwa siku, maana gari linalosubiri kodi linakula hifadhi kila usiku.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Katika barabara ya Tunduma, ghali nayo inaweza kuwa ghali vile vile, kama mwenye lori hakupiga hesabu ya siku ambazo magurudumu hayazunguki. Anza na hizo. Ukishajua siku hizo ni ngapi na nani anazilipia, gari la kununua litakuwa limejulikana lenyewe.